Mganga wa Jamaa na Jamaa Yake

Huko Kolwezi neno jamaa lina uzito wake. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika kukaa huko mwaka 1953. Alikuwa amekwisha kutoa kitabu juu ya fikira za Wabantu mwaka 1945, hata watu wa mbali wakamhesabu kuwa mtaalamu. Lakini kati ya wafanya kazi wa Union Minière alijifunza kuuliza kuliko kufundisha: Ninyi, mnatamani nini? Majibu yakakusanyika katika maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Katika mikutano ile ya waume na wake zao ikazaliwa Jamaa. Baadaye wengine waliyapotosha mafundisho yake, na maaskofu wakaonya. Hayo si habari yetu leo.

Habari yetu ni kijana mganga. Kuna masomo ya uganga yanayomwandaa mtu si kwa moyo tu, wala macho tu, bali kwa nyumba nzima, tangu mtoto mchanga hata bibi kizee. Kule Eldoret, nchi ya Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha waganga wa jamaa wa namna hiyo mwaka 2005. Kijana huyo amekwisha kuwa daktari, lakini hukaa tena miaka hospitalini, akitibu na huku akifundishwa, akikesha zamu baada ya zamu. Tumfikirie mmoja wao pale Kolwezi, tumwulize swali lile la Padri Tempels: Wewe mwenyewe, unatamani nini?

Atajibu upesi: Nataka kuwaponya watu. Jibu jema. Lakini kampuni ya mgodi ikimwita kwa mshahara mnono, mama yake atapiga vigelegele, maana ndiye aliyeuza unga sokoni apate karo ya shule. Kuupokea mshahara ule si dhambi. Ila ajiulize kwanza kama atakuwa na ruhusa ya kusema ayaonayo.

Kwa maana yako mambo ya kuonwa. Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, mtu mmoja alichimba kwake akakuta kobalti. Majirani nao wakachimba, wengine wakatoboa sakafu za vyumba vyao. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza waliyoyapima huko: vumbi la nyumbani lilikuwa na madini mengi, na mkojo wa watoto ulikuwa na kobalti kupita ule wa watoto wa mtaa wa jirani usio na mashimo. Mtoto hakwenda mgodini. Mgodi ulimfuata kitandani. Mganga akaaye nyuma ya meza yake humwona mtoto, hulioni shimo.

Basi sharti azijue nyumba. Nami nasema, mtu asiyekaa kwake hatazijua za wengine. Ni rahisi kumwambia mama, Upumzike, usibebe maji, uwape watoto maharagwe. Mganga aliyekwisha kupika bukari mwenyewe siku mke wake ana homa, makala yamekwisha na mtoto analia, atalisema neno lile kwa sauti nyingine. Pengine atauliza kwanza nani atakayeyabeba maji.

Hapo ndipo penye swali gumu. Jumapili anapofunga mlango ale na watoto wake, je, amewaibia wagonjwa? Wako wasemao ndiyo: mwenye wito hana saa yake. Nimewasikia hata mlangoni pa kanisa, mtu hajamaliza kufanya ishara ya msalaba, amekwisha kusema, Dokta, hebu tazama mgongo wangu! Mimi sikubaliani nao. Tunamtaka mtu asilale, kisha tunampa mkono wake wenye usingizi ashike sindano. Na pale penye mganga mmoja kwa watu elfu nyingi, upungufu ule si deni lake peke yake, wala hataulipa kwa kuwafanya watoto wake mayatima wenye baba.

Walakini mlango usiwe ukuta. Mama mwenye mtoto wa degedege afunguliwe hata usiku wa manane. Yule atakaye hati ya kumwonyesha bwana wa kazi kwamba Jumatatu atakuwa mgonjwa, na leo ni Jumapili, angoje.

Taabu ni kwamba hodi zote hulia sawasawa. Mganga, akiwa amechoka, husikia kila hodi kama ya yule mwenye hati. Afadhali mke wake aamke pamoja naye, atangulie dirishani, na kuuliza: Ni nani mgonjwa?