JE, UMEJIANDAA?

Kijana mwenzangu uliyeshika karatasi hii, usiitupe. Soma kwanza!

Unalijua neno la Kiingereza "prepare"? Shuleni tuliambiwa ni kujiandaa. Sawa. Lakini limetoka wapi? Limetoka katika Kilatini, likapitia Kifaransa. Ni maneno mawili yaliyoungana: "prae", yaani kabla, na "parare", yaani kuweka tayari. Umeona? Ndani ya neno lenyewe mna KABLA. Ukiiondoa hiyo kabla, hakuna maandalizi, kuna kuhangaika tu!

Sisi watu wa Kigoma tunao ushahidi. Meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuungwa hapa hapa Kigoma. Jina lake la kwanza ni Graf von Goetzen. Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliona wanashindwa, wakaizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Jamani, unapakaje grisi kitu unachokizamisha? Si wazimu huo? Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, wakakuta mitambo bado inafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Tafakari hapo. Grisi ile haikuizuia meli kuzama. Basi kujiandaa siyo kukwepa mabaya. Ni kuhakikisha kwamba hata maji yakikufunika, ya ndani hayaozi. Tena, waliofaidika siyo waliopaka. Ni wengine kabisa, hata mababu zetu waliosafiri nayo.

Sasa wewe unasema, "Mimi bado mdogo bwana, mambo yakifika nitajua." Utajua nini? Nenda pale Kibirizi uone. Mvuvi wa dagaa hangoji usiku wa manane, katikati ya ziwa, upepo unavuma, ndipo atengeneze taa yake. Anaitengeneza mchana, nchi kavu. Hata wale wanawali wapumbavu katika mfano wa Yesu, taa walikuwa nazo. Walichokosa ni mafuta ya akiba.

Uaminifu, kiasi, moyo wa kusema hapana: hivyo haviokotwi siku ya jaribu. Chenji iliyozidi ukairudisha dukani, ukweli mdogo uliousema ingawa hakuna anayekuona, hiyo ndiyo grisi yako.

Leo ziwa limetulia. Paka leo!