Usingizi wa Kidonge

Amitriptilini ni dawa ya sonona ambayo mara nyingi humezwa na mtu asiye na sonona. Kidonge cha miligramu 25, au nusu yake, hupewa mtu ambaye shida yake ni kugaagaa kitandani mpaka jogoo wa kwanza awike. Sonona yenyewe kwa kawaida hutibiwa kwa miligramu 75 hadi 150 kwa siku. Theluthi ya dozi hiyo, au chini yake, inapelekwa kwenye kazi nyingine, na hapo huzuka swali ambalo famasia peke yake hailijibu: mtu anayeutafuta usingizi kwa kidonge amepungukiwa na nini? Afya, imani, au ukweli kuhusu maisha yake?

Kwanza dawa yenyewe. Ubongo hukaa macho kwa msaada wa kemikali kadhaa, mojawapo ikiwa histamini. Amitriptilini huziba vipokezi vya histamini hata ikiwa kidogo sana mwilini, ndiyo maana dozi ndogo hulaza. Hili halikutokea kwa bahati. Dawa za kundi hili zimetokana na utafiti wa dawa za mzio. Imipramini, iliyotangulia, ilitoka kwenye kampuni ya Geigy ya Uswisi, na daktari Roland Kuhn aliijaribu katika hospitali ya Münsterlingen kwa wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwafaa, lakini wenye huzuni kali waliinuka. Aliyatangaza matokeo hayo mwaka 1957. Amitriptilini ikaingia sokoni Marekani mwaka 1961. Kulaza kulihesabiwa kuwa athari ya pembeni, na leo athari hiyo ndiyo inayotafutwa. Nyingine huja nayo bila kualikwa: mdomo mkavu, kufunga choo, mkojo kukwama kwa wazee wenye tezi dume iliyovimba, kizunguzungu cha kuinuka ghafla. Vidonge vingi kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na huua. Ushahidi wa faida, kwa upande wake, ni mwembamba: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 kuhusu dawa za sonona kwa waliokosa usingizi hayakupata jaribio lolote la kutegemewa juu ya amitriptilini, ingawa madaktari huiandika sana.

Kihesa, kata ya Manispaa ya Iringa, ni mahali pazuri pa kulitazama swali hili. Upande huo kipo Chuo Kikuu cha Iringa, cha Kanisa la Kilutheri. Wakatoliki, Walokole na Waislamu wanaishi ukuta kwa ukuta. Baridi ya Juni na Julai huwaingiza watu ndani mapema, na usiku huwa mrefu kwa asiyelala. Asubuhi jirani humuuliza jirani ameamkaje, na jibu la heshima ni kwamba ameamka salama, hata kama hakufumba jicho. Mwenye kukosa usingizi huficha mambo mawili: kwamba halali, na kwamba anameza dawa ambayo mtaani huitwa dawa ya wagonjwa wa akili, dawa ya Mirembe, kwa jina la hospitali ile ya Dodoma.

Hoja ya kidini inayosikika zaidi dhidi ya kidonge ni rahisi. Zaburi zinamsifu Mungu anayewapa wapenzi wake usingizi na kumwezesha mwenye haki kujilaza kwa amani. Basi asiyelala hajajikabidhi. Hoja hii inageuza shukrani kuwa kipimo. Mwenye kushukuru kwa mvua hasemi kwamba jirani aliyekosa mvua ni mwovu. Mapokeo ya Kanisa yenyewe ni mapana kuliko mahubiri ya namna hiyo. Basili wa Kaisaria, katika karne ya nne, aliwaandikia watawa wake kwamba tiba ni zawadi ya Mungu kama kilimo kilivyo, akawaonya tu wasiiwekee tumaini lote. Tomaso wa Akwino, alipohesabu dawa za huzuni, aliweka usingizi na kuoga katika orodha moja na machozi, huruma ya marafiki na kuitafakari kweli. Kuoga! Mwanateolojia mkubwa hakuona aibu kusema kwamba maji ya kuoga yanaweza kuipunguzia roho mzigo, kwa kuwa mwili na roho kwake ni mtu mmoja.

Papa Pius XII aliikuta enzi mpya ya vidonge mwezi mmoja tu kabla hajafa. Septemba 1958 alizungumza na wataalamu wa dawa za akili waliokutana Roma. Hakuzikataa dawa hizo. Alichokataa ni kuzitumia kama mazoea ya kukwepa kila hofu na kila msukosuko ambao ni sehemu ya maisha ya mtu anayetimiza wajibu wake. Mpaka aliouchora hauko kati ya sala na kidonge; uko kati ya kutibu na kukimbia.

Katika Uislamu swali huja kwa mlango mwingine: je, hiki si kilevi? Al-Qarafi, mwanasheria wa madhehebu ya Maliki aliyefariki Misri mwaka 1285, alitenga vitu vya namna tatu. Kipo kinacholaza, ambacho huondoa akili pamoja na hisia za mwili. Kipo kinacholevya, ambacho huondoa akili na kumwachia mtu furaha na ushujaa wa bure. Na kipo kinachoivuruga akili bila furaha yoyote. Kilevi ni haramu hata tone moja. Kinacholaza kina hukumu nyingine: kidogo kisichoigusa akili kinaruhusiwa. Ni ajabu jinsi mtu wa karne ya 13 alivyoweka dozi ndogo katikati ya hoja yake.

Mgawanyo huo unasaidia hata nje ya msikiti. Iringa ni nchi ya pombe ya ulanzi, na mzee anayeshusha vikombe vichache ili alale haambiwi na mtu kwamba ana ugonjwa wa akili. Lakini pombe hulaza mwanzo wa usiku na kumwamsha mnywaji alfajiri bado mbali, na ikikutana tumboni na amitriptilini, usingizi unaweza kuwa mzito kupita kiasi. Aibu imewekwa mahali pasipo pake: kinachofahamika kinaaminika, na kinachopimwa kwa miligramu kinaogopwa.

Hata hivyo kidonge kina kesi yake ya kujibu, nayo inahusu ukweli. Kukosa usingizi mara nyingi ni mjumbe. Anaweza kuwa ametumwa na deni, msiba, ndoa iliyopoa, au sonona yenyewe. Dozi ndogo inamnyamazisha mjumbe bila kuusoma ujumbe: miligramu 25 zinamlaza mwenye sonona, lakini kwa kawaida hazitoshi kuiondoa. Yeye anaona analala, familia inaona anatibiwa, na kumbe bado anazama. Daktari anayempa mtu kidonge bila kumwambia ni cha nini, kwa kuogopa kumtia aibu, anamnyima haki ya kujua anatibiwa nini. Chuo cha Madaktari cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza ya ukosefu wa usingizi wa muda mrefu iwe ile ya mazungumzo na kurekebisha mazoea ya kulala: kuamka saa ileile kila siku, kutokaa kitandani ukiwa macho, kuyachunguza mawazo yanayokesha. Padri, mchungaji au shehe mwenye subira anaweza kuwa sehemu ya kazi hiyo.

Inabaki mikesha. Dini hizohizo zinazousifu usingizi huwaita waumini waukatae usingizi huo usiku wa Pasaka au katika kumi la mwisho la Ramadhani. Kukesha ni kutoa kitu ambacho mtu anacho. Asiyelala hana cha kutoa. Kwa anayetumia amitriptilini jambo huwa la saa, kwa sababu dawa hukaa mwilini mpaka asubuhi. Katika Uislamu, aliyepitiwa na usingizi hana dhambi kwa sala iliyompita, ila huilipa aamkapo. Lakini anayejua kwamba kidonge cha saa tano usiku humpitisha sala ya alfajiri kila siku hawezi kusema amepitiwa. Dawa kama hii humezwa saa moja au mbili kabla ya kulala, na wengi huona kwamba ikimezwa saa mbili usiku, uzito wake huwa umepungua adhana inapoanza.