Dari ya Boriti

Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, dari zilipambwa kwa mabati yaliyopigwa chapa za maua, ambayo mafundi wa leo huyakwangua kutu na kuyapaka rangi upya. Nasi watu wa pwani tunayo dari yetu, ya boriti za mikoko, ambazo majahazi yalizipakia katika delta ya Rufiji, yakazifikisha hata Arabuni, na ambazo urefu wake, takriban mita 3, ndio uliohukumu upana wa vyumba vya majumba ya mawe.

Mwashi hodari huanza kwa kuigonga boriti nchani, pale inapozama ukutani, kwani ndipo unyevu unapojificha. Ikitoa sauti ya utupu, husimamisha nguzo za muda, akaondoa mawe na chokaa ya juu, ndipo akaichomoa. Katika kuikaza boriti mpya ukutani, saruji, ijapokuwa hukauka upesi, mimi katu siiafiki, maana huyafungia maji ndani, ilhali chokaa huuacha ukuta upumue. Kifusi kile cha zamani nacho hakitupwi: mwashi hukichekecha, akakichanganya na chokaa mpya, kikarudi juu darini.