Tembo wa Ubaoni Amlipie Tembo wa Porini

Ndugu zangu wachoraji na wachongaji, nanyi wenye maduka na hoteli ambazo kuta zake zimejaa twiga na chui wa rangi: leo nina neno nanyi, na naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Fungueni kitabu cha Kutoka, kuanzia sura ya 35. Waisraeli wako jangwani na Mungu anataka ajengewe hema. Anamtaja fundi kwa jina: Bezaleli wa kabila la Yuda, aliyejazwa roho ili ajue kufua dhahabu, kukata vito na kuchonga mbao. Pamoja naye anamweka Oholiabu wa kabila la Dani. Watu wakaitwa walete mchango. Waliokuwa na vipuli wakavivua, wengine wakabeba ngozi na mbao za mshita, asubuhi baada ya asubuhi, hadi mafundi wenyewe wakaacha kazi wakaenda kumwambia Musa kwamba vitu vimezidi. Musa akapiga marufuku kambi nzima: basi, inatosha! Niambieni, hapa kwetu ni mchango gani uliwahi kusimamishwa kwa sababu umezidi? Pale mikono yenye kipaji na mikono yenye kutoa ilifanya kazi moja.

Sasa tuje kwetu. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja mjini kutafuta riziki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama kwenye vibao vya mraba kwa rangi ya kupakia baiskeli, akiviuza Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unalisha familia Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar hadi leo. Mtazameni fundi wa mtindo huo akiwa kazini: amechuchumaa, kibao kiko magotini, kopo la rangi limefunguliwa kwa bisibisi. Madoa ya chui anayaweka moja moja bila haraka. Akichora tembo, pembe anaziacha mwisho, kisha anazivuta kwa mkupuo mmoja, nyeupe kabisa.

Wakati pembe hizo zikivutwa kwa brashi, pembe za kweli zilikuwa zikikatwa kwa shoka. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 walihesabiwa kama 43,000. Katika Selous na Mikumi, pori linalofika hadi Tunduru kwao Tingatinga, walishuka kutoka karibu 39,000 hadi 13,000 katika miaka minne tu. Miaka hiyo yote sisi tuliendelea kuuza tembo! Tuliwauza kwenye vibao, kwenye fulana, kwenye trei za chai. Ni maduka mangapi yalitenga hata shilingi mia kwa ajili ya mnyama aliyewaletea wateja? Hilo ni deni, ndugu zangu, na deni hulipwa.

Msiseme haiwezekani. David Shepherd, Mwingereza, alikuja Kenya mwaka 1949 akitaka kuwa bwana nyama, akakataliwa. Alirudi baadaye akiwa mchoraji, na huku Tanganyika akakuta pundamilia 255 wamekufa kwenye maji yaliyotiwa sumu. Siku hiyo moyo wake uligeuka. Mwaka 1973 picha yake ya chui milia, Tiger Fire, ilichangisha zaidi ya pauni 120,000 kwa ajili ya kuwaokoa chui milia wa India. Mwaka 1984 akaanzisha mfuko wake, na ingawa alifariki mwaka 2017, mfuko huo bado unafanya kazi. Na kama mnaona huyo alikuwa na wateja matajiri wa Ulaya, tazameni Kiunga kule Lamu, ambako kina mama waliokota kandambili zilizotupwa ufukweni na bahari, zilizowazibia kasa njia ya kupanda kutaga, wakaziosha na kuzichonga wanyama wa kuuza. Walianza na takataka.

Simwambii mchoraji mwenye njaa atoe kwanza. Asiyeweza kulipa kodi ya chumba asikatwe zaka. Nakwambia wewe mwenye duka, unayenunua kwa bei ya kutupa na kuuza kwa dola. Nakwambia na wewe mnunuzi, unayebishana bei hadi fundi abaki na gharama ya rangi peke yake: ona aibu! Lipa bei ya haki, kisha uongeze fungu la mnyama.

Fungu hilo lina kazi ya kufanya. Kule Sagalla, jirani na Tsavo, wakulima huzungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyofungwa kwenye waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, naye anageuka. Mahindi yanapona, asali inapatikana, na tembo anaondoka na uhai wake. Mkulima aliyelala njaa kwa ajili ya tembo hana sababu ya kumfichua jangili. Ukimnunulia mizinga, umemlinda yeye na umemlinda tembo.

Na hesabu ziwe wazi. Someni sura ya 38: hema lilipokamilika, Musa aliagiza kila kitu kiandikwe chini ya Ithamari mwana wa Haruni, na dhahabu ikatajwa, talanta 29 na shekeli 730. Ikiwa mali ya hema la Mungu ilihesabiwa, mfuko wenu ni nani hata usikaguliwe? Bandikeni hesabu ukutani, pale pale picha zinapotundikwa.

Basi, mwenye duka, waite wachoraji wako wiki hii. Kubalianeni ni fungu gani litatengwa na litakwenda kijiji gani, mliandike nyuma ya kila picha, na la kwanza lifike kabla mahindi ya msimu huu hayajakomaa.