Nani Aulizwe Juu ya Woga wa Mtoto?

Mwaka 1983 mwanasaikolojia Mmarekani Thomas Ollendick alitoa toleo jipya la dodoso la kupima hofu za watoto. Lina vipengele 80: siogopi, naogopa kiasi, naogopa sana. Mtoto wa chekechea huwezi kumkalisha na maswali 80, na kusoma kwenyewe bado. Ndiyo maana mwaka 2003 Peter Muris na wenzake, Waholanzi, walikuja na dodoso fupi la vipengele 31, wakaweka picha za koala wanaoonyesha viwango vitatu vya hofu. Mtoto ananyoosha kidole tu.

Sasa tuseme tunalileta dodoso hilo kwenye Kiswahili. Koala ndiye kazi rahisi: tunamtoa, tunaweka sungura, kwisha. (Fisi hapana, jamani.) Ugumu uko kwenye kitenzi.

Kwetu kuogopa si jina la hisia peke yake, ni sehemu ya malezi. Mtoto "asiyeogopa mtu" tunasema kaharibika. Anayemwogopa baba yake anasifiwa. Halafu huyohuyo akilia gizani anaitwa mwoga. Kwa hiyo ukimuuliza wa miaka minne kama anamwogopa mwalimu, akakuonyesha sungura anayetetemeka, umepima nini, hofu au adabu? Watafiti hutafsiri kwenda na kurudi: mmoja analeta maneno kwenye Kiswahili, mwingine anayarudisha bila kuona ya mwanzo, kisha wanalinganisha. "Unamwogopa mwalimu?" litarudi salama salimini, na hakuna atakayeshtuka.

Basi aulizwe mzazi? Ndivyo ilivyozoeleka kwa umri huu. Mizani ya wasiwasi ya watoto wa chekechea waliyoitoa Susan Spence na wenzake mwaka 2001 hujibiwa na wazazi. Sababu inaeleweka, maana mtoto anaweza kumchagua sungura wa katikati kwa kuwa tu ana masikio mazuri.

Lakini nani alimwambia mtoto kwamba asipomaliza uji daktari atamchoma sindano? Nani aliweka zimwi nyuma ya mlango ili watu wapate kulala, au polisi njiani ili mtoto asivuke barabara? Dodoso la Ollendick linauliza kuhusu sindano. Kwetu anayejaza jibu huenda ndiye aliyeitengeneza hofu hiyo, tena kwa nia njema kabisa. Ataandika "anaogopa kiasi", na hatakuwa anadanganya. Kwake hofu hiyo si tatizo, ni msaada wa kazi. Uji si umeisha?

Mimi ningemuuliza mtoto mwenyewe, na ningepunguza vipengele bila huruma. Kumuuliza mtoto wa miaka minne kuhusu mwizi anayevunja nyumba, ilhali hajawahi hata kumfikiria, si kupima hofu, ni kumkabidhi. Mzazi naye ningempa karatasi yake, isiyouliza mtoto anaogopa nini. Ingeuliza: ukitaka alale, unamtishia na nini? Karatasi hizo mbili zikiwekwa pamoja, mpimaji angeanza kuona hofu ipi imetoka gizani na ipi imetoka mdomoni mwa mtu mzima.

Kazi itakuwa kumpata mzazi atakayeijaza kwa ukweli, mwanawe akiwa amesimama pale pale, anasikiliza.