Kumwombea na Kumhukumu Kibaki

Jumamosi, Aprili 30, 2022, Mwai Kibaki, aliyekuwa rais wa tatu wa Jamhuri ya Kenya, alipozikwa kwao Othaya kwa mizinga na heshima zote za dola, Kanisa lililombatiza kwa jina la Emilio lilimtendea jambo lile lile ambalo humtendea mchuma chai wa Gatuyaini na mchuuzi wa viazi wa soko la Karatina wanapofariki: lilimwombea maghofira ya dhambi zake. Siku ile ilikuwa siku ya sifa, na sifa zilimiminwa; walakini mtu azisikilizaye sala za Misa ya wafu kwa makini atatambua kwamba hazimsifu mtu yeyote. Asiye na deni haombewi kusamehewa deni, na Kanisa linaposimama mbele ya jeneza la mkubwa na kumsihi Mungu amrehemu mja wake, linakiri hadharani, kwa adabu lakini bila kuficha, kwamba mja huyo alikuwa na taksiri.

Nayanena haya kwa sababu katika miji yetu ya Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hata Nanyuki, Kerugoya na Murang'a, zimezoeleka dhana mbili zinazopingana, ambazo kwa maoni yangu zote mbili zimepotoka. Ya kwanza ni ya wazee, nayo yasema kwamba Kibaki alikuwa mtu wetu, na kwamba kulitaja kosa lake ni kumvunjia marehemu heshima na kuihini nyumba iliyomzaa. Ya pili ni ya vijana, nayo yasema kwamba siasa yote ni uchafu, watawala wote ni wezi, na hakuna haja ya kuzipima amali za mmoja wao. Mwenye dhana ya kwanza amnyima marehemu sala, maana hawezi kumwombea msamaha mtu ambaye amekwisha kumtangaza kuwa hana kosa. Mwenye dhana ya pili aifunga milango ya rehema ambayo yeye mwenyewe, siku yake itakapofika, atataka aikute wazi.

Aghalabu hapa Mkatoliki hujibiwa kwa agizo la Bwana wetu katika Injili ya Mathayo, kwamba tusihukumu. Agizo hilo ni kweli na latulazimu, ila lazima lieleweke. Kilichokatazwa ni kuuketia moyo wa mwenzetu kama kadhi, tukaamua nia yake ilikuwa nini na mwisho wake utakuwa wapi. Katekisimu yakataza pia hukumu ya haraka isiyo na ushahidi, na yakataza kuyafunua makosa ya siri ya mtu pasipo sababu ya haki; ndiyo maana mambo ya nyumbani kwa Kibaki, yaliyowahi kuwafurahisha wengi magazetini na vibarazani, mimi sitayagusa. Lakini amali za mtawala, zilizotendwa kwa muhuri wa serikali na kwa fedha za raia, hazimo katika siri za mtu. Ni amana ya umma, na mwenye amana ana haki ya kuomba hesabu.

Kielelezo bora cha jambo hili kimo katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho ndugu zetu Waprotestanti hawakihesabu katika Maandiko yao. Baada ya vita Yuda Makabayo na watu wake walikwenda kuziokota maiti za wenzao ili wawazike pamoja na jamaa zao, na chini ya nguo za kila aliyekufa wakakuta hirizi za sanamu za Yamnia, jambo ambalo Torati ililiharimisha. Hawa walikuwa mashujaa waliokufa wakiipigania nchi, na ingalikuwa rahisi kwa jemadari wao kuzizika hirizi pamoja na maiti ili sifa ya jeshi isiharibike. Hakufanya hivyo, wala hakuwatupa. Alilionya jeshi lijihadhari na dhambi iliyokuwa bayana mbele ya macho yao, kisha akachangisha drakma 2,000 za fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi za marehemu. Kufunua, kuonya na kuombea vilikwenda pamoja, na kimoja hakikukitangua kingine.

Basi tukitaka kuitazama rekodi ya Kibaki kwa insafu ya namna hiyo, hatuna haja ya mizani ya kigeni. Tunayo ile tuitumiayo sisi wenyewe kila mwanzo wa Misa, tunapopiga vifua na kukiri kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. La mawazo tumwachie Mungu. Yaliyobaki matatu yanaonekana.

Katika maneno Kibaki hakuwa mtu wa matusi mazito, na ulimi wake, ambao uliwahi kuwafokea watu kwa maneno ya kuchekesha kuliko ya kuumiza, haukuwachochea majirani wauane. Wachoraji wa katuni walimdhihaki kwa miaka kumi wakalala nyumbani kwao salama, ingawa haisahauliki kwamba mwezi Machi 2006, chini ya utawala wake, watu waliofunika nyuso walivamia ofisi na mitambo ya gazeti la The Standard. Lakini kuna maneno ya zamani zaidi. Mwaka 1982, akiwa Makamu wa Rais, aliunga mkono bungeni marekebisho yaliyoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Na wengine walipoanza kudai vyama vingi, akasema kwamba kuing'oa KANU, chama hicho kimoja, ni kama kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Kifungu kile cha chama kimoja kilipofutwa mwezi Desemba 1991, kwa jasho na vifungo vya watu wengine, alitoka akaanzisha chama chake. Ushujaa ni mojawapo ya fadhila nne kuu zilizofafanuliwa na Mtakatifu Thomas wa Akwino, pamoja na busara, haki na kiasi. Na mtu mwadilifu atakiri kwamba Kibaki alijaliwa busara na kiasi kwa wingi, ilhali ushujaa ulimjia ukiwa umechelewa.

Katika vitendo ana mengi ya kutetewa nayo. Msomi huyu wa Mang'u, Makerere na London aliukuta uchumi umezorota mwaka 2002, na kufikia 2007 ulikuwa ukikua kwa takriban asilimia 7. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ulioanzishwa mwaka 2003, ulipeleka fedha za serikali hata kwenye vijiji ambavyo havikuwa na mtu wa kuvisemea Nairobi, na wafugaji wetu wa ng'ombe wa maziwa wanakumbuka kwamba mwaka ule ule kampuni ya maziwa ya KCC ilirudishwa mikononi mwa umma. Kubwa kuliko hayo yote ni elimu ya msingi bila karo, iliyoanza Januari 2003 na kuwaingiza madarasani watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nje. Kulisha wenye njaa na kuwafundisha wasiojua ni matendo ya huruma. Serikali inapoyatenda kwa kodi ya watu, hayaachi kuwa mema.

Pamoja na watoto hao aliingia mzee mmoja ambaye maisha yake yatufaa kuliko takwimu. Kimani Maruge, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, kwa sababu alisikia serikali ya Kibaki imetangaza kwamba shule ni bure. Mwanzoni mwa 2008, machafuko yaliyofuata uchaguzi yalipolipuka, mzee huyo huyo aliibiwa mali yake akaishia katika kambi ya wakimbizi, na kutoka kambini akaendelea kwenda shuleni. Mwaka 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki huko Kariobangi, Nairobi, kwa jina la Stephen, na mwezi Agosti mwaka huo akafariki. Utawala mmoja ulimfungulia mlango wa darasa na ukashindwa kuulinda mlango wa nyumba yake. Anayeitaja nusu moja ya habari hii akaiacha nyingine, hata akiwa ni padre juu ya mimbari, anashuhudia uongo.

Hapo ndipo tunapofikia lango la mwisho, la kutotimiza wajibu, ambalo kwa mtawala ni pana kuliko yote. Kibaki aliingia madarakani kwa ahadi ya kukomesha rushwa, kisha ikazuka kashfa ya Anglo Leasing, na John Githongo, aliyeteuliwa na rais mwenyewe kuipiga vita rushwa, alijiuzulu mwaka 2005 akiwa ughaibuni kwa kuhofia usalama wake. Tarehe 30 Desemba 2007, muda mfupi tu baada ya kutangazwa mshindi, Kibaki aliapishwa jioni katika Ikulu, kufuatia uchaguzi ambao Tume ya Kriegler ilisema baadaye kwamba haiwezekani kujua nani aliushinda; Tume ya Waki ikahesabu watu 1,133 waliokufa katika machafuko, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, wengi wao watu wa jamii yetu, ambao baadhi yao waliishi miaka mingi hemani katika kambi ya Mawingu huko Nyandarua. Wala msiba wetu haukuwa huo peke yake. Mwaka 2008 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya kuwatuhumu polisi kwa mauaji na kutoweka kwa takriban watu 500 walioshukiwa kuwa wafuasi wa kundi haramu la Mungiki. Na mwezi Aprili 2009, kijijini Gathaithi karibu na Karatina, watu 29 waliuawa kwa usiku mmoja katika uhasama wa Mungiki na wanakijiji waliojitwalia ulinzi. Serikali iliyoshindwa kumhukumu kijana mahakamani na ikashindwa vilevile kumlinda mkulima kitandani ilikosa mara mbili. Sisi wa mlimani ambao vijana wale walikuwa wanetu, na marehemu wale majirani zetu, ndio tuliopaswa kuuliza kwanza, na ndio tulionyamaza zaidi.

Lipo pia swali la Katiba, ambalo kwa Mkatoliki ni gumu zaidi. Mwaka 2010 maaskofu wetu waliipinga rasimu, hasa kwa sababu ya kifungu cha 26 kinachoruhusu utoaji wa mimba katika hali fulani, na rais Mkatoliki akaongoza kampeni ya kuipitisha, ikapita kwa asilimia 67. Wako waliomwona mwasi. Naona yapaswa kutofautisha: juu ya uhai wa mtoto tumboni mafundisho ya Kanisa hayana shaka, na Mkatoliki aliyefurahia mlango uliofunguliwa pale amekosa, ama kuipima sheria nzima, yenye mengi mema na kasoro moja nzito, na kuamua kama ikataliwe au ipokewe kisha irekebishwe, hilo laiangukia dhamiri iliyofunzwa, ambayo humsikiliza askofu kwa unyenyekevu na bado ina jukumu lake yenyewe. Aliyatendaje hayo moyoni mwake ni katika mawazo tuliyokwisha kumwachia Mungu.

Lakini Katiba hiyo ina maana nyingine katika mizani yetu. Kitubio, tulifundishwa tukiwa katekumeni, chahitaji majuto, maungamo na malipizi. Majuto ya Kibaki hatuyajui, na maungamo ya hadharani juu ya Desemba 2007 hatukuyasikia. Malipizi yapo kwa sehemu. Februari 28, 2008 alikubali kugawana madaraka na mpinzani wake. Na Katiba aliyoitangaza Agosti 27, 2010 yaagiza kwamba rais aapishwe hadharani mbele ya Jaji Mkuu na kwamba ushindi wake uweze kupingwa mbele ya Mahakama ya Juu, na sheria ya mwaka 2012 ikaiweka saa ya kiapo kuwa mchana kweupe, kati ya saa nne asubuhi na saa nane. Alilolitenda jioni ile Ikulu, yeye mwenyewe alitia sahihi lisitendwe tena na mtu mwingine. Mwezi Aprili 2013 alikabidhi madaraka kwa amani akarudi nyumbani. Deni la waliokufa na la waliolala hemani halikulipwa. Lakini hakimu mwenye haki huandika pia kilicholipwa.

Hukumu yangu basi ni hii: alikuwa mtawala hodari na mpole, aliyewatendea mema watu wengi asiowajua, na ambaye makosa yake mazito yalitokana zaidi na kunyamaza na kuacha kuliko na ukatili. Mtu wa namna hiyo anastahili shukrani, na anahitaji sala. Watu wa Nyeri wanaijua tofauti, kwani Mei 23, 2015 walishuhudia hapa hapa Sista Irene Stefani, aliyewahudumia maskini wa Gikondi hadi kifo chake mwaka 1930, akitangazwa Mwenyeheri. Huyo tunamwomba atuombee, na Kibaki tunamwombea. Tanzania nako, mchakato wa Mwalimu Julius Nyerere ulioanzishwa katika Jimbo la Musoma wakusanya ushahidi wa mema yake na wa lawama zake pia, maana Kanisa halimtangazi mtu mtakatifu kwa kuwa taifa lake lampenda.

Haya yote yana faida ndogo kwa marehemu kuliko kwa wanasiasa waliopo, ambao kila Jumapili wanaketi viti vya mbele makanisani mwetu na bahasha mkononi. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza irudishwe michango iliyotolewa na Rais William Ruto katika parokia ya Soweto, na wako waliolalamika kwamba Kanisa limekosa shukrani. Nami naona alilihifadhia Kanisa uwezo wake wa kunena, kwa kuwa aliyepokea bahasha hawezi kuomba hesabu. Kibaki hawezi tena kumtafuta mjane aliyefiwa Kiambaa katika machafuko yale wala kuhimiza fungu la walioibiwa. Toharani hakuna malipizi ayafanyayo mtu kwa mikono yake. Aliye hai anaweza kurudisha, kuomba radhi na kuibadili sheria, na kwa hiyo anayempenda kweli mwanasiasa wa kwao atamweleza kosa lake sasa, angali na nafasi ya kulilipa, wala hatangoja kumsifu kaburini.