Sadaka ya Uso Usiotabasamu

Mtu anaamka alfajiri na kwenda kutawadha. Anasukutua, na maji yanamponyoka upande wa kushoto wa kinywa kabla hajayatema. Anaosha uso, na jicho la upande huohuo halifumbi, maji yanaliingia. Mbele ya kioo ndipo anapoona: nusu ya uso imelegea, paji halikunjiki, na akijaribu kucheka mdomo wote unavutwa upande mmoja. Kufika adhuhuri majirani wameshatoa hukumu. Huyu anasema upepo, yule anasema jini, mwingine anauliza kwa sauti ya chini amekosana na nani.

Maneno hayo huumiza, nayo hayana msingi. Neva ya uso, ya saba kati ya jozi 12 za neva za kichwani, hupita katika mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ikivimba humo haina pa kutanukia. Hubanwa, na misuli ya upande wake hukosa amri. Al-Razi, tabibu wa Kiajemi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliueleza ugonjwa huu, ambao Waarabu huuita laqwa. Baadaye Wazungu waliupa jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Edinburgh. Wengi hupona, hasa wakiwahi hospitali. Utafiti wa Scotland uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba, kati ya walioanza kumeza prednisoloni ndani ya saa 72, asilimia 94 walikuwa wamepona baada ya miezi 9. Kati ya wasioipata, asilimia 82.

Swali zito ni la wale wasiopona. Watoto wa chuoni hulijua fundisho la Mtume Muhammad kwamba kumtabasamia ndugu yako ni sadaka. Ndiyo sadaka ambayo hata asiye na senti hakosi. Basi mtu ambaye neva yake imeliwa na uvimbe wa tezi ya mate, au imeharibiwa na maradhi ya sikio yaliyoingia hadi kwenye mfupa, atoe nini? Na aliyezaliwa na hali ya Moebius, asiyepata kutabasamu hata siku moja? Je, sadaka ni ule mnyanyuko wa pembe za mdomo, au ni kile kilichoutuma?

Bell mwenyewe alikuwa na imani kubwa juu ya uso. Katika kitabu chake cha mwaka 1806, alichowaandikia wachoraji, alishikilia kwamba mwanadamu amejaliwa na Muumba misuli ambayo kazi yake ni kueleza hisia tu. Duchenne, daktari wa Ufaransa, alikwenda mbali zaidi. Alipitisha umeme usoni mwa mzee mmoja aliyekuwa amepoteza hisia za ngozi ya uso, akachapisha matokeo na picha mwaka 1862. Aliona kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo humtii mtu akitaka, lakini ule unaozunguka jicho husubiri furaha ya kweli. Kwake hiyo ilikuwa lugha iliyowekwa usoni na Mungu. Darwin alizitumia picha zake mwaka 1872 kumpinga Bell: misuli hiyo hata nyani wanayo.

Hoja ya Bell ina uzuri wake, ila inaacha jeraha. Kama uso ndio ulimi wa roho, aliyepooza uso atahesabiwa kuwa na roho bubu. Na ndivyo watu wanavyomchukulia: ana kiburi, amenuna, hapendi wageni.

Walioanza kulijibu jambo hili, bila kukusudia, ni madaktari wa upasuaji. Mwaka 1895 Charles Ballance wa London aliiunga neva ya uso na ile inayoinua bega. Uso ulisogea, lakini pamoja na bega. Mwaka 1976 Kiyonori Harii na wenzake wa Japani walieleza njia nyingine: kuchukua kipande cha msuli wa ndani ya paja, pamoja na mishipa yake ya damu na neva yake, na kukihamishia shavuni. Ngozi hufunguliwa mbele ya sikio. Mishipa yenye upana wa milimita chache huungwa chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na ncha ya msuli hushonewa kwenye pembe ya mdomo. Amri huweza kuletwa kutoka upande mzima wa uso kupitia neva iliyotolewa kwenye mguu. Hapo mgonjwa husubiri miezi, kwa kuwa neva huota karibu milimita moja kwa siku. Jicho lisilofumba huwekewa uzito mdogo wa dhahabu ndani ya kope ya juu, likajifunga lenyewe.

Njia ya pili ya kuleta amri ndiyo ya kustaajabisha. Msuli wa paja huungwa na neva ya kutafunia. Mwanzoni mgonjwa hukaa mbele ya kioo akiuma meno ili atabasamu. Ronald Manktelow na Ronald Zuker wa Toronto, pamoja na wenzao, waliripoti mwaka 2006 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima waliowafuatilia walifikia kutabasamu bila kufikiria.

Hapo jibu linaanza kuonekana. Msuli uliumbwa kuvuta paja, neva iliumbwa kutafuna. Hakuna hata kimoja kilichokuwa cha tabasamu. Lakini mama akiingia chumbani na pembe ya mdomo wa mtoto ikainuka, nani atasema lililofurahi ni paja?

Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, waliwahi kulikabili swali la namna hii katika swala ya mgonjwa. Asiyeweza kusimama hukaa. Asiyeweza kukaa hulala. Kisha huashiria kwa kichwa, kisha kwa kope, na ikishindikana kabisa huipitisha swala moyoni. Hawakusema kwamba swala ya kope ni nusu ya swala. Sioni kwa nini tabasamu lipimwe kwa mizani migumu zaidi. Upasuaji ni neema, kwani jicho lililo wazi usiku kucha huweza kupata vidonda na kupofuka. Ila haumrudishii mtu utu wake, kwa sababu haukuwa umemtoka.

Kathleen Bogart, mwanasaikolojia wa Oregon nchini Marekani aliyezaliwa na hali ya Moebius, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba wenye kupooza uso wanaotumia zaidi sauti na mwili huonekana na watazamaji kuwa na furaha zaidi. Mzee aliyelegea uso hufanya hivyo barazani kwake bila kuusoma utafiti huo. Mgeni akipiga hodi, mzee huinuka kwanza, hunyoosha mikono yote miwili, na "karibu" yake husikika kabla mgeni hajavua viatu.